Waliochaguliwa, Waliofika, Waliomaliza

Niliyasema haya Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, kwenye mahafali ya kidato cha sita ya shule moja wilayani Rungwe. Mvua ya huku mnaijua. Ilipogonga saa nane mabati yakaanza kupiga ngoma, na wazazi waliokaa nyuma waliniona nachezesha midomo tu. Mwalimu wa taaluma akaniomba niyaandike ili yawafikie na wao. Nimeyaacha kama yalivyotoka, isipokuwa pale mvua iliponikatisha nimemalizia nilichotaka kusema.

Mkuu wa shule, mwenyekiti wa bodi, mheshimiwa diwani, mchungaji uliyetuombea, walimu, wazazi wenzangu, na ninyi wanangu mnaohitimu leo. Ndaga fijo kwa mkungu wa ndizi mlionipa. Sijui nitaubebaje kwenye Hiace mpaka Mbeya, lakini nitaubeba.

Mimi ni mstaafu. Miaka yangu mingi ya kazi nilikaa ofisi ya udahili ya chuo kikuu kimoja cha umma. Sitakitaja, kwa sababu mengine nitakayosema ni makosa yangu mwenyewe, na si haki jina la chuo libebe mzigo niliousaidia kuufunga. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu watu. Ni Mkinga wa Makete pia, na Mkinga hesabu isipokaa sawa hapati usingizi. Kwa hiyo mtanisamehe. Mlitegemea mgeni rasmi awaambie someni kwa bidii, elimu ni ufunguo. Hayo walimu wenu wamewaambia miaka miwili, mimi nisiyarudie.

Nianze na risala yenu. Binti aliyeisoma ameisoma vizuri, sauti imeshindana na mvua na nusura ishinde. Mmeomba bweni, mmeomba tanki la maji, mmeomba televisheni. Televisheni msubiri mtoke. Lakini kuna sentensi moja nimeiandika hapa nyuma ya ratiba: "Wahitimu wote wa mwaka jana walijiunga na vyuo vikuu mbalimbali nchini." Mkapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilimwinamia mwalimu wa taaluma hapa pembeni nikamuuliza, mmejuaje? Akanijibu kwa ukweli wa mwalimu mzuri: "Majina yao tuliyaona kwenye orodha, mzee."

Basi walichaguliwa. Hawajajiunga, walichaguliwa. Kati ya maneno hayo mawili kuna mto, na daraja lake si la kila mtu.

Nieleze kidogo safari yenyewe. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ilianzisha mfumo mmoja wa nchi nzima: unaomba kwa Tume, Tume inakugawa. Mwaka 2017 ikaurudisha udahili vyuoni, kila mwombaji akaanza kuomba moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka. Ndivyo ilivyo mpaka leo. Ukiwa na pesa ya maombi unaweza kuomba vyuo vitatu, vinne, vitano. Hapo ndipo hesabu inapoanza kucheza.

Chukua hawa vijana wanne walioketi mstari wa mbele. Simameni. Tuseme kila mmoja ameomba vyuo vitatu vilevile, na kila chuo kina nafasi mbili. Chuo cha kwanza kinatangaza: tumepata waombaji wanne, tumechukua wawili. Cha pili hivyohivyo. Cha tatu hivyohivyo. Mwandishi wa habari akijumlisha anapata waombaji 12 na waliochaguliwa sita. Sasa tuangalie watu wenyewe. Wako wanne, mmewaona. Na kwa kuwa vyuo vyote vinapenda alama nzuri, hawa wawili wa kulia, wenye alama za juu, wamechaguliwa mara tatu kila mmoja. Hawa wawili wa kushoto hawana kitu. Nafasi zipo sita, wenye chuo wawili, na wengine wawili wako nyumbani wanalia. Ketini.

Ndiyo maana TCU kila mwaka hutoa majina ya waliochaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, na kila mmoja hutumiwa namba ya siri kwenye simu ili athibitishe chuo kimoja aache vingine. Ndiyo maana kuna awamu ya pili, na mara nyingine ya tatu. Awamu ya pili si makombo, mwanangu. Ni nafasi alizoziachia mwenzako aliyechaguliwa mara tatu. Nimeona vijana wenye uwezo wanakata tamaa mwezi wa tisa kwa kuwa jina halikutoka mara ya kwanza, wanakwenda kukaa nyumbani mwaka mzima. Na nimeona kituko kingine: kijana anachaguliwa vyuo viwili, hathibitishi popote, anadhani majina yakishatoka ndiyo basi. Tarehe inapita. Na simu iliyotumiwa namba ile ni ya mjomba, na mjomba yuko porini Mafinga anapasua mbao, mtandao hakuna. Kwa hiyo, tafadhali, mkiomba wekeni namba ya simu iliyo mkononi mwenu, isiwe ya mjomba.

Kwa hiyo ukisikia chuo fulani kimepata waombaji wengi mara kumi kuliko nafasi zake, usidhani ni kigumu mara kumi. Idadi ya waombaji inaonyesha chuo kinavyojulikana. Ugumu wa kuingia unauona kwingine: alama za aliyechukuliwa wa mwisho kwenye kozi unayoitaka. Mnafahamu kigezo cha jumla cha kidato cha sita: ufaulu wa masomo mawili makuu, jumla isipungue pointi nne, ambapo A ni tano, B nne, C tatu, D mbili, E moja. D mbili zinakufikisha hapo. C na E pia. Kijana anahesabu, anapata nne, anaomba kozi inayogombewa na watu wenye C tatu, halafu anasema amenyimwa haki. Hakunyimwa. Pointi nne ni za kuruhusiwa kupanga foleni, mlango uko mbele zaidi. Kila mwaka Tume hutoa kitabu cha mwongozo kinachoonyesha kozi kwa kozi, sifa zake, nafasi zake na miaka yake. Kisomeni. Mzazi aliyeishia darasa la saba anaweza kusomewa na mwanawe jioni moja, wakila viazi.

Sasa nije kwenye mto niliousema.

Mwaka mmoja, usajili wa mwaka wa kwanza ulikuwa umefungwa kama wiki tatu. Asubuhi nafika ofisini, jua la Mbeya lile la baridi halijapanda vizuri, namkuta kijana amekaa mlangoni juu ya sanduku la bati. Lile sanduku la sekondari, la kijani, jina limeandikwa kwa rangi nyeupe pamoja na namba ya bweni la shule aliyotoka. Viatu vimepigwa rangi, vumbi la safari juu yake. Akaniamkia, shikamoo baba, akanipa bahasha ya kaki. Ndani kuna kila kitu: barua ya udahili, vyeti, picha ndogo nne. Jina lake nikalikuta kwenye orodha yangu, kozi ya miaka minne, alama nzuri kuliko nusu ya waliokuwa darasani wakati ule. Nikamuuliza, ulikuwa wapi? Akasema alikuwa anasubiri mkopo. Majina ya awamu ya kwanza yakatoka, hayumo. Ya pili, hayumo. Baba yake akauza ng'ombe, na ng'ombe akafika nusu ya ada.

Nilijaribu. Mfumo wa kompyuta ulikuwa umefungwa na wa kuufungua si mimi. Nikafikiria aandike barua ya kuahirisha mwaka, nikaambiwa mtu haahirishi masomo ambayo hajasajiliwa. Ni kweli kabisa kwa kanuni. Hakukuwa na mtu mbaya pale ofisini siku ile, na kijana hakuingia. Jioni alirudi kwao na bahasha yake. Sanduku akaliacha kwa mlinzi, nauli ya mzigo hakuwa nayo, akasema atalifuata mwakani.

Ninachotaka mkisikie ni hiki. Taarifa yetu ya mwaka ule ilipotoka, ikiwa na jalada la rangi na picha ya wasichana wamevaa kofia ngumu, ilikuwa na mstari usemao tumedahili wanafunzi wangapi. Kijana yule alikuwemo. Mimi ndiye niliyetoa namba ile. Nilichukua orodha ya waliochaguliwa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ndefu, na bosi alitaka namba ndefu. Sanduku nililipita pale kwa mlinzi kila asubuhi mpaka nikastaafu.

Wazazi wenzangu, mkopo una kalenda yake, na kalenda hiyo haisubiri udahili. Bodi ya Mikopo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi 2005. Inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Inataka mdhamini, inataka saini ya serikali ya mtaa au kijiji. Nani kati yenu mwanawe ana cheti cha kuzaliwa? Nyosheni mikono. Sawa. Mikono iliyobaki chini, shughuli yenu inaanza Jumatatu asubuhi, msisubiri matokeo ya mwezi wa saba. Kosa la herufi moja kati ya jina la cheti cha kuzaliwa na jina la cheti cha kidato cha nne limewarudisha nyuma vijana wengi kuliko hesabu za mwaka wa kwanza. Na mjue mkopo ni deni. Akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi inakatwa kila mwezi mpaka liishe. Akipewa fedha ya chakula na malazi, bumu kama wanavyoiita, tangu mwaka wa masomo wa 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku, zamani 8,500. Kwa hiyo mzazi usishangae akikupigia mwezi wa pili kwamba hela imekwisha. Chumba cha geto, nauli, kutoa nakala, vyote vinatoka humohumo. Mtumie hata debe la viazi.

Sasa ameingia. Amesajiliwa, ana kitambulisho, ameshapiga picha getini. Hesabu ya pili inaanza, na hii ndiyo inayonisumbua zaidi.

Huku Rungwe mnaotesha parachichi. Nimepita njiani nimeona vitalu vya miche. Hebu niambieni, mwenye kitalu akija akasema "nimeotesha miche elfu moja", mtamwuliza nini? Mtamwuliza ngapi ilishika ilipobebeshwa, ngapi ilikufa kiangazi, na waliokununulia mwaka wa kwanza wanavuna? Mche uliobebeshwa unaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Shahada ya ualimu ni miaka mitatu, ya uhandisi minne, ya udaktari mitano na mwaka wa mazoezi kazini juu yake. Muda ni uleule karibu. Parachichi mnaliuliza maswali hayo yote, ila chuo mnakiuliza kimeotesha mingapi tu.

Vyuo vyetu hupenda kutangaza mambo mawili kila mwaka: tumepokea wangapi, tumehitimisha wangapi. Ni namba za kweli. Tatizo ni kwamba ni za watu tofauti. Waliovaa majoho mwaka huu waliingia miaka mitatu, minne iliyopita. Chuo kikihitimisha wengi kuliko mwaka jana, inawezekana kimefundisha vizuri zaidi, au inawezekana kiliingiza wengi zaidi miaka minne nyuma na nusu wamepotea njiani. Kwa namba ile peke yake huwezi kujua. Ili ujue, lazima ushike kundi moja, walioingia pamoja mwezi wa kumi wa mwaka fulani, uwafuate hao hao kwa majina. Wangapi walifanya mtihani wa muhula wa kwanza? Wangapi waliingia mwaka wa pili? Wangapi walimaliza kwa wakati, wangapi kwa kuchelewa, wangapi hawaonekani?

Na wasioonekana wako wa namna nyingi, ndiyo maana ni vigumu kuwahesabu. Kuna aliyepata sapu, yaani mtihani wa marudio, akaifanya, akavuka. Kuna aliyebeba somo mpaka mwaka unaofuata. Kuna aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuoni kwa kufeli, neno lenu hilo, mnacheka lakini likikukuta halichekeshi. Kuna aliyeahirisha kwa ugonjwa, au kwa mimba, akaandika barua, na barua iko kwenye faili. Halafu kuna yule asiyeandika chochote. Muhula wa kwanza yupo, wa pili hayupo. Hakufeli, maana hakufanya mtihani. Ukitengeneza asilimia ya ufaulu kwa waliofanya mtihani, yule anatoka kwenye hesabu kabisa, na asilimia inapanda. Nimeshuhudia kozi ambayo ufaulu wake ulikuwa unapanda kila mwaka huku darasa linakonda. Tulipongezana kwa soda.

Darasani hesabu za mwaka wa kwanza ndizo zinazokata wengi, hasa uhandisi. Nina maoni yangu hapa, nayatoa kama mstaafu. Wanaotoka na stashahada ya ufundi wanaingia wakijua kushika vifaa kuliko wenzao wa kidato cha sita, karakana wanaitawala, lakini hesabu zile za mwanzo zinawapiga. Wa kidato cha sita ni kinyume chake. Wakikaa chumba kimoja wakafundishana, wote wanavuka. Wakitengana, kila kundi linamdharau mwenzake mpaka matokeo yatoke. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya chenyewe kilianza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, kikawa taasisi mwaka 2005, kikawa chuo kikuu mwaka 2012. Ufundi na shahada vimelala kitanda kimoja huku kwetu tangu zamani. Mkienda huko msibaguane.

Kuhusu madaraja ya shahada nitapita haraka. Kuanzia GPA, yaani wastani wa alama, ya 4.4 ni daraja la kwanza, 3.5 mpaka 4.3 ni apa sekondi, 2.7 mpaka 3.4 loa sekondi, chini ya hapo mpaka 2.0 ni pasi. Ukitaka kuendelea na shahada ya uzamili, kwa kawaida 2.7 ndiyo chini yake. Basi. Kuna kitu kizito zaidi.

Mwaka mmoja likaja agizo: tutafute wahitimu wetu wako wapi. Jambo zuri sana, nililisubiri miaka. Nikapewa orodha, simu ya mezani, wiki mbili, na fomu. Nikaanza kupiga. Nawaambia, ukitaka kuijua nchi yako piga simu kwa wahitimu. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Ya tatu anapokea bibi, anasema mwenye simu alikuwa mpangaji wake zamani. Ya nne inaita haipokelewi. Ya tano anapokea kwa furaha: yuko benki, Dodoma, habari za chuo baba, wasalimie wote.

Mmeiona shida? Anayepokea simu ya chuo kwa furaha ni mwenye la kusema. Aliyekaa nyumbani miaka miwili na shahada yake kwenye bahasha ya nailoni akiona namba ya chuo anaiacha iite. Tukichukua waliopokea tu, tukasema katika kila kumi waliojibu wengi wana kazi, tumeipima furaha ya wapokeaji wa simu. Taarifa iliandikwa kwa waliojibu. Wasiojibu walikuwa wengi kuliko waliojibu, na wakatajwa kwa maandishi madogo ukurasa wa mwisho.

Fomu yenyewe ilikuwa na visanduku vitatu: ameajiriwa, amejiajiri, anaendelea na masomo. Nikampigia kijana mmoja, nasikia kelele za soko nyuma yake. Yuko Mwanjelwa, anauza viatu vya mtumba, uhandisi alimaliza na apa sekondi. Nikamuuliza niandike nini. Akasema, "Mzee, andika nimejiajiri, si ndivyo mnavyotaka?" Hakusema kwa hasira. Alikuwa na mteja, nikamsikia anataja bei.

Halafu nikampata binti. Mwalimu wa Historia na Kiswahili, amemaliza miaka mitatu iliyopita. Anafundisha sekondari ya kata huko Mbarali, vipindi vingi kuliko walimu wawili wa serikali, kidato cha kwanza mpaka cha nne. Nikafurahi, nikaweka kalamu kwenye kisanduku cha kwanza. Nikauliza tu ili nikamilishe, mshahara unalipwa na nani? Akanyamaza kidogo. Akasema, "Najitolea, baba. Wazazi wanachanga. Wakivuna mpunga wananipa na mchele." Nikamwambia, mwanangu, fomu yangu haina hicho kisanduku. Akasema, "Basi andika unavyoona."

Niliandika ameajiriwa.

Nimelibeba hilo mpaka leo. Na si yeye peke yake. Walimu wa kujitolea niliowapata kwenye simu siku zile wote niliwaweka kisanduku hicho hicho, na asilimia yetu ikapendeza. Ningeweza kuchora kisanduku cha nne kwa mkono. Ilikuwa karatasi tu.

Mwanangu unayetaka kwenda ualimu, sikukatishi tamaa, sikiliza historia yake. Kati ya 2004 na 2009 serikali iliendesha mpango mkubwa wa sekondari, shule za kata zikaota kila mahali kama uyoga wa masika. Zilihitaji walimu. Mwaka 2005, Mkwawa pale Iringa, iliyokuwa shule ya sekondari, ikageuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ili izae walimu. Aliyeingia ualimu miaka ile alikuwa na uhakika wa kituo. Vyuo vikaendelea kuingiza, kwa kuwa namba za miaka ile zilikuwa tamu. Katikati ya 2016 ajira serikalini zikasimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi, na waliohitimu kipindi hicho wakaanza kurundikana. Leo mwalimu anaomba kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, anafanya usaili kama watumishi wengine. Wa Fizikia na Hisabati bado wanatafutwa kuliko wa sanaa. Kwa hiyo mtu akikuonyesha wahitimu wa kozi fulani wanavyofanikiwa, muulize ni wahitimu wa mwaka gani. Matokeo ya walioingia 2006 hayakuhusu wewe.

Mwaka 1961 chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilianza Dar es Salaam, kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wa sheria wasiozidi 14. Wanajaa kwenye Hiace moja, bila mkungu wangu wa ndizi. Wakati ule hakuna aliyehitaji takwimu kujua nani kafika, nani kaumwa, nani kamaliza, nani yuko wapi. Mkufunzi aliangalia chumba akaona. Tumekua, tumezidi upeo wa jicho, ndiyo maana tukahitaji ofisi kama ile yangu.

Nasikia wazee wengine wanasema hayo ni mambo ya chuo, sisi wazazi tutayajuaje. Mtayajua. Siku mnampeleka mtoto, au siku maofisa wa chuo wanakuja shuleni hapa na vipeperushi vyao, msiwaulize mna wanafunzi wangapi. Waulizeni: katika walioanza kozi hii miaka minne iliyopita, wangapi wamemaliza? Wakianza kukuambia habari za majengo mapya, rudia swali. Kwa upole, kwa heshima, rudia. Afisa mwenye jibu atakupa namba. Asiye na jibu atakuheshimu na atakwenda kulitafuta, kwa kuwa hakuna kinachomsukuma mtu wa ofisi kama mzazi aliyeuliza kitu ambacho bosi hajawahi kuuliza. Nasema hivyo kwa kuwa mimi sikuwahi kuulizwa. Miaka yote ile ningeulizwa mara moja tu na mzazi wa Tukuyu, ningekuwa nimeshalichora jedwali la kuwafuata walioingia pamoja.

Na shule nayo, mkuu wangu. Sikutaka kukuaibisha kwa sentensi ya risala. Shule zote zinasema hivyo. Lakini shule hii ndiyo pekee inayowafahamu watoto hawa kwa majina, kwa kijiji, kwa mama. Chuo kitapoteza namba zao za simu. Ninyi mnaweza kumtuma mdogo wake aliye kidato cha pili.

Nimeambiwa mgeni rasmi huchangia. Pensheni yangu wengine hapa mnaijua, tanki la maji siliwezi, mheshimiwa diwani amenitazama na amenielewa. Nimekuja na kaunta buku moja, ile nene, ya kurasa nyingi. Jana usiku nimeipiga mistari mwenyewe kwa rula. Safu ya kwanza jina. Ya pili simu ya mzazi, tena mbili. Ya tatu alikochaguliwa. Ya nne inasema "amefika?", hiyo mtaijaza mwezi wa kumi na moja kwa kupiga simu. Kisha mwaka wa pili, kisha wa tatu, kisha amemaliza. Safu ya mwisho inasema "yuko wapi, anafanya nini", na sikuichorea visanduku. Nimeiacha pana, mwandike kwa maneno.

Mwalimu wa taaluma, njoo uipokee. Hawa wahitimu wakitoka hapa kabla ya pilau wapite mezani kwako, kila mmoja aandike mstari wake kwa mkono wake. Yule binti wa risala aanze.